Kabla hujaandika kwamba seli za MAIT zimepungua

Ukipima seli T (chembe nyeupe za kinga) zenye tabia ya kinga ya asili, MAIT zikiwemo, katika damu ya wagonjwa wa mchochota, iwe ni wa viungo vya uti wa mgongo (ankylosing spondylitis), wa utumbo au wa ngozi, mara nyingi utakuta hesabu iko chini kuliko ya watu wazima wa afya. Wengi hukimbilia kuandika kwamba ugonjwa umeziua. Tunakusihi usifanye haraka. Bahari ikipwa maji hayafi, yamehama tu. Seli hizi nazo huenda zimehamia kwenye kiungo kinachouma, au zimebadilika sura usizitambue. Lipo pia linalotuumiza zaidi kwa sababu linazuilika: zimepotea baina ya mkono wa mgonjwa na mashine ya kuzihesabia.

Kwa ufupi, makundi ya seli hizi ni matatu. Seli za MAIT hutambua kemikali zinazozalishwa na bakteria na kuvu vikitengeneza riboflavini, yaani vitamini B2, na hushikiziwa kemikali hizo na molekuli iitwayo MR1. Kwa mtu mzima huwa takriban asilimia 1 hadi 10 ya seli T za damu, na kwenye ini ni nyingi zaidi. (Tembe ya vitamini B2 haiziamshi. Zinachotambua ni kitu cha njiani, kabla vitamini yenyewe haijakamilika.) Seli za iNKT hutambua mafuta yaliyoshikwa na molekuli ya CD1d, na ni adimu mno, mara nyingi chini ya asilimia 0.1. Kundi la tatu ni la gamma-delta, hasa tawi liitwalo Vγ9Vδ2, ambalo huitikia kemikali ya fosfati inayotengenezwa na bakteria wengi na pia na kimelea cha malaria. Makundi yote haya huitikia kwa saa chache bila kungoja mafunzo ya siku nyingi. Baadhi yake humwaga IL-17, protini ya kuchochea mchochota, ambayo ndiyo shabaha ya dawa kadhaa za soriasisi (ugonjwa wa ngozi) na za mchochota wa uti wa mgongo.

Tuje kwenye damu. Chukua mililita 10 kwenye mrija wa heparini wenye kifuniko cha kijani. Heparini na EDTA zote huzuia damu kuganda. Mrija wa EDTA unafaa kwa kuhesabu tu. Ukitaka kuziamsha seli na kupima IL-17, heparini ni bora kwa sababu EDTA hunasa kalsiamu ambayo seli huihitaji. Damu ikae kwenye nyuzi 18 hadi 25, na ianze kushughulikiwa ndani ya saa nane, ikiwezekana nne. Hapa Mombasa, kati ya Januari na Machi, sharti hilo si dogo. Sampuli ya Likoni ikisubiri feri ndani ya gari lililofungwa vioo huiva. Wako wanaokimbilia barafu, na hilo nalo ni kosa, kwa kuwa baridi kali huziharibia chembe nyingine nyeupe mpangilio wake, zikaja kuchafua tabaka unalolitaka. Tumia kasha lenye pakiti za jeli zilizoachwa kwenye chumba cha kiyoyozi hadi zifike nyuzi 20, utie na kipimajoto ndani, kisha uandike joto na saa ya kufika.

Kutenganisha: changanya mililita 10 za damu na 10 za PBS (maji ya chumvi yenye asidi iliyodhibitiwa), mimina taratibu juu ya mililita 15 za Fikoli, kimiminika cha kutenganishia chembe, yenye uzito wa gramu 1.077 kwa mililita, ndani ya mrija wa mililita 50. Fikoli nayo iwe nyuzi 20. Ikiwa moto huwa nyepesi, na limfosaiti zako (chembe nyeupe ambazo seli T ni sehemu yake) huzama pamoja na chembe nyekundu. Ikiwa baridi huwa nzito, na chembe usizozitaka hubaki juu. Zungusha kwa 400 g (mara 400 ya nguvu ya mvuto), dakika 30, breki imezimwa. Angalia sana hiyo g, si mizunguko kwa dakika: kwa mashine yenye kipenyo-nusu cha sentimita 17, 400 g ni karibu mizunguko 1,450. Breki ikiachwa, tabaka jeupe hutikisika na nusu ya kazi imeharibika. Osha mara mbili kwa 300 g, dakika 10. Tegemea seli milioni 1 hadi 2 kwa kila mililita ya damu. Ukipata laki mbili, usiendelee kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kupaka rangi kuna mpangilio wake. Rangi ya kubagua seli zilizokufa hutangulia, kwenye PBS isiyo na protini, kwa maana seli mfu hushika kila kitu. Kisha tetrama ya MR1 (molekuli nne za MR1 zilizounganishwa na kutiwa rangi) yenye 5-OP-RU, ile kemikali ya njiani inayotambuliwa na MAIT, dakika 30 hadi 40 gizani, halafu ndipo kingamwili za alama za juu ya seli: CD3, CD4, CD8, CD161 na Vα7.2, ambayo ni sehemu ya kipokezi cha MAIT. Kingamwili ya Vα7.2 ikitangulia inaweza kuzibia tetrama nafasi. Andaa pia mrija wa kulinganishia wenye tetrama ya 6-FP, kemikali isiyotambuliwa na MAIT.

Maabara zisizo na tetrama hutegemea CD161 na Vα7.2 pekee. Hilo linaweza kukubalika kwa watu wazima wa afya. Kwa mgonjwa lina hatari, kwani seli ikishaamshwa CD161 inaweza kushuka, nawe ukaihesabu kuwa haipo. Kwa watoto wachanga ni baya zaidi, kwa sababu seli za MAIT bado ni chache na alama hizo hubebwa na seli nyingine.

Kiasi cha seli za kusoma kitokane na uadimu wa unachokitafuta. Ukisoma seli T 500,000 na iNKT ni asilimia 0.01, umepata 50 tu. Kwa MAIT kusoma hizo 500,000 kunatosha kwa raha.

Usitoe asilimia peke yake. Chukua hesabu ya limfosaiti kutoka kipimo cha damu kamili cha siku ileile. Limfosaiti 2,000 kwa maikrolita, T asilimia 70, MAIT asilimia 3 ya hizo: ni 42 kwa maikrolita. Limfosaiti zikishuka hadi 1,000 na asilimia zikabaki palepale, MAIT ni 21. Nusu imeondoka na asilimia haikusema neno.

Muulize mgonjwa umri, mafua ya wiki mbili zilizopita, malaria ya karibuni, kifua kikuu, HIV, dawa za steroidi na sindano ya zoledronate (dawa ya mifupa). IL-12 na IL-18, protini za kuamrisha kinga, zinazotoka wakati wa virusi huziamsha MAIT bila bakteria yeyote. HIV huzipunguza, na dawa hazizirejeshi kikamilifu. Zoledronate huzichokoza Vγ9Vδ2, na ndiyo sababu mojawapo ya homa baada ya sindano hiyo. Kulinganisha mzee wa miaka 70 na mwanafunzi wa miaka 22 pia hakufai, kwani MAIT hupungua uzeeni.

Mwisho, pale goti linapofyonzwa maji kwa ajili ya matibabu, omba kwa idhini mililita chache, uzitie heparini, na kama ni mazito uyalegeze kwa kimeng'enya cha hyaluronidase. Katika mchochota wa uti wa mgongo watafiti wameona MAIT zikiwa chache kwenye damu na nyingi kwenye maji ya kiungo, zikitoa IL-17. Soma sampuli zote mbili siku moja, kwa rangi na mpangilio uleule wa mashine, uziweke kwenye jedwali moja.