Maswali ya Wasomaji: "Profesa Hajibu Barua Zangu"

Barua za toleo hili zimetoka Mbale, Mbarara, Arua, Gulu na Kampala, hapa Uganda, karibu zote kwa vijana wanaoanza kazi ya utafiti wa afya. Tumeanza na ile iliyotuuma zaidi.

Wahariri, shikamooni. Mimi ni mhadhiri msaidizi hapa Mbale. Nilimaliza uzamili wa afya ya jamii mwaka jana. Profesa aliyenisimamia yuko Kampala, na ndiye ninayemtegemea anilee mpaka uzamivu. Nimemwandikia mara nne, amejibu mara moja tu: "Nitaangalia." Naogopa kumsumbua mtu mzima. Nifanye nini?

Marahaba, ndugu yetu. Kuna kazi tatu ambazo watu huzichanganya. Msimamizi ana wajibu wa kichuo: tasnifu ikipita, wajibu wake umekwisha. Mlezi wa kitaaluma huitazama safari yako yote, pamoja na miaka mitano ijayo. Mtetezi ni yule anayelitaja jina lako katika kikao usichokuwamo, pale anapotafutwa mtu wa kuchambua data au wa kupelekwa kwenye kozi. Profesa wako ameshamaliza kazi ya kwanza. Ya pili hujamwomba waziwazi; unamdai moyoni tu, naye hajui kwamba anadaiwa.

Usimwombe "akulee". Ombi hilo halina mwisho, na mwenye shughuli nyingi hukwepa jambo asiloona litaishia wapi. Omba kitu chenye kipimo: "Profesa, naomba dakika 30 kwa simu kila wiki ya kwanza ya mwezi, kwa miezi sita, ili nigeuze tasnifu yangu kuwa makala mbili. Ajenda nitaituma siku tatu kabla. Kama huna nafasi, naomba unielekeze kwa mtu unayemwamini." Sentensi ya mwisho inampa njia ya heshima ya kukataa, nawe unatoka na jina la mtu mwingine. Barua isizidi mistari kumi. Usiambatanishe tasnifu nzima. Ambatanisha ukurasa mmoja tu wenye swali lako la utafiti, data uliyonayo, mahali ulipokwama, na tarehe unayolenga.

Akikubali, kikao ni chako kukiendesha. Eleza kwanza yaliyofanyika tangu kikao kilichopita, kisha ulipokwama na njia mbili ulizozifikiria, mwisho uamuzi unaouhitaji. Kabla ya saa 24 kwisha, mtumie mistari mitano: nani afanye nini, lini. Mistari hiyo ndiyo kumbukumbu yenu, kwa sababu baada ya wiki nne kila mmoja atakuwa amesahau yake.

Rasimu nazo zina namna yake ya kuombewa maoni. Ukituma kurasa 40 na kuandika "naomba maoni yako", jibu litakuwa lilelile: nitaangalia. Uliza hivi badala yake: "Naomba utazame Jedwali la 2 tu. Je, kugawa umri katika makundi matatu kunafaa, au niuache kama namba?" Swali la aina hiyo hujibika kwenye simu, hata akiwa njiani kwenda wodini.

Kumkumbusha mkubwa si utovu wa adabu. Subiri siku kumi, kumbusha. Subiri kumi nyingine, piga simu au pitia kwa katibu wake. Kimya kikiendelea, mshukuru na utafute mwingine bila kinyongo, na makala ikichapishwa mtumie nakala. Barua yake ya mapendekezo utaihitaji siku moja.

Hata akijibu kila barua, mlezi mmoja hatoshi. Tafuta mmoja wa mbinu, na kwa watafiti wengi wa afya huyo ni mtakwimu. Mmoja wa mada yako. Na mmoja aliye karibu nawe anayejua jinsi watu wanavyopandishwa vyeo chuoni kwenu, hata kama ni wa idara nyingine. Kisha undeni kundi la wenzio wanne au watano, msomeane kurasa mbili kila baada ya wiki mbili. Kundi hili tunalitetea kwa moyo wote. Vyuo vichanga kama vya Mbale, Lira, Soroti na Kabale havina maprofesa wengi wa tiba kama Makerere, iliyoanza mwaka 1922, na hao wachache waliopo wana wodi na idara za kuendesha. Makosa mengi ya rasimu huonekana na macho ya wenzio kabla hayajafika kwa profesa.

Nilikusanya data kwa miezi saba na kuandika rasimu ya kwanza. Sasa naona jina langu ni la tatu. Wa kwanza ni daktari aliyepata ufadhili. Je, nina haki? — Mtafiti msaidizi, Mbarara

Vigezo vinavyofuatwa na majarida mengi ya tiba ni vya Kamati ya Kimataifa ya Wahariri wa Majarida ya Tiba. Ni vinne, na mwandishi lazima avitimize vyote: awe amechangia kwa uzito katika kubuni utafiti, au kupata data, au kuichambua na kuifasiri, awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina, aidhinishe toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kupata fedha peke yake hakumfanyi mtu mwandishi, wala kuwa mkuu wa idara. Anayetimiza kigezo cha kwanza hastahili kunyimwa nafasi ya kushiriki katika hivyo vingine. Hapo ndipo watafiti wasaidizi wengi huonewa: data inachukuliwa, rasimu haionyeshwi.

Kwa maelezo yako, unastahili kuwamo. Kuhusu nafasi ya kwanza, vigezo hivyo havipangi majina. Katika utafiti wa afya mazoea ni kwamba wa kwanza ni aliyebeba uandishi na uchambuzi, na wa mwisho ni kiongozi wa mradi. Kama uliandika rasimu lakini uchambuzi na fasiri vilifanywa na daktari huyo, hoja yake ina uzito. Kama vyote ulivifanya wewe, una hoja nzito kuliko yake.

Usianze na barua ya malalamiko. Chora jedwali dogo, majina upande mmoja na kazi upande wa pili: kubuni, kukusanya data, kuchambua, kuandika rasimu, kuhakiki. Lijaze kwa ukweli, pamoja na yale ambayo hukufanya. Omba kikao na daktari huyo mkiwa wawili, weka jedwali mezani, umwambie: "Daktari, naona hivi, naomba tuangalie pamoja." Mkunjo huwa rahisi kunyooka watu wakiwa wawili kuliko mbele ya kikundi kizima. Msipoelewana, nenda kwa mkuu wa idara, kisha ofisi ya utafiti ya chuo. Kumwandikia mhariri wa jarida hakutakusaidia sana, kwa kuwa wahariri hawaamui ugomvi wa majina; huurudisha kwa taasisi.

Kwa mradi ujao, jedwali hilo lijazwe kabla ya data kuanza kukusanywa, lipitiwe tena baada ya uchambuzi, na kila mmoja apate nakala kwa barua pepe.

Jarida moja limenipongeza na kuahidi kuchapisha makala yangu kwa siku saba nikilipa. Niamini? — Muuguzi mtafiti, Arua

Hapana. Siku saba hazitoshi kumpata mhakiki mmoja, sembuse wawili. Tazama kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, kama anwani ya ofisi yake inaeleweka, na kama watu waliotajwa kwenye bodi ya wahariri wanalitaja jarida hilo katika kurasa zao za vyuoni. Kama umeshatuma mswada, uondoe kwa maandishi kabla hujatia saini ya hakimiliki wala kulipa. Usiupeleke kwingine kabla ya kuwaandikia, kwa sababu mswada mmoja haukai kwenye majarida mawili kwa wakati mmoja.

Majarida mengi ya heshima yanayosomwa bure huwasamehe ada waandishi wa nchi zenye kipato cha chini, Uganda ikiwamo. Lakini msamaha huo kwa kawaida huombwa siku ya kuwasilisha mswada. Ukiusubiri mpaka makala ikubaliwe, mara nyingi umechelewa. Angalia pia kama mwandishi wa mawasiliano, yule anayeandikiana na jarida, ana taasisi ya nchi tajiri, maana baadhi ya wachapishaji hukataa msamaha kwa sababu hiyo. Lipo pia *African Health Sciences* la Makerere, linalosomwa na watu wa kanda hii. Kwa kusoma makala za wengine bila kulipa, mwombe mkutubi wa taasisi yako nywila ya Hinari, mpango wa Shirika la Afya Duniani ulioanza mwaka 2002.

Nafundisha saa 14 kwa wiki na kliniki siku mbili. Nitaandika saa ngapi? — Daktari, Gulu

Andika asubuhi mbili kwa wiki, saa mbili kila moja, kabla hujafungua simu. Ziandikwe kwenye ratiba ya idara kama kipindi cha kufundisha, mkuu wako akijua. Muda usioandikwa popote utajazwa na kikao. Kila kipindi kiwe na kazi moja ndogo: leo sehemu ya mbinu, keshokutwa Jedwali la 1. Kama utafiti wako ni wa uchunguzi bila majaribio, tumia tangu mwanzo orodha ya STROBE, yenye vipengele 22 vya mambo ambayo makala ya utafiti wa aina hiyo inapaswa kuyaeleza, itakuonyesha kilichobaki.

Nimepata ruzuku ndogo ya mwaka mmoja, yangu ya kwanza. Nianze lini kukusanya data? Washiriki wangu wanazungumza Kiswahili na Kilugbara. — Dada wa Kampala

Hongera sana, dada. Hesabu kinyumenyume kuanzia siku ya kufunga ruzuku, na uache miezi mitatu hadi minne ya vibali. Kwanza ni Kamati ya Maadili ya Utafiti iliyoidhinishwa, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, UNCST, na barua za hospitali au wilaya utakakofanyia kazi. Ukijaribu dawa, inaongezeka Mamlaka ya Taifa ya Dawa. Ukipeleka sampuli nje ya nchi, unahitaji mkataba wa uhamisho wa sampuli na kibali chake. Kibali cha maadili hakirudi nyuma: data iliyokusanywa kabla ya tarehe ya barua haiokoleki, na tumeona miezi mizima ya kazi ya watu ikipotea hivyo. Kibali hicho ni cha mwaka. Omba kuongezewa muda kabla hakijaisha.

Tafsiri ndiyo husahauliwa kwenye bajeti. Fomu ya ridhaa itafsiriwe na mtu mmoja, mwingine asiyeiona ya asili airudishe kwa Kiingereza, mlinganishe. Kamati itataka kuziona zote. Tafsiri nusu ya fomu ukiwa umechoka, uone jinsi "kuchaguliwa kwa bahati nasibu" kunavyoweza kusikika kama kamari. Ijaribu kwa watu watano wa mtaani kabla ya kuipeleka kwenye kamati.

Ukijifungua ndani ya mwaka huo, mwandikie mfadhili mapema. Sheria ya Ajira ya 2006 inakupa siku 60 za kazi zenye malipo, na wafadhili wengi husogeza tarehe ya mwisho wakiombwa kabla haijapita.

Mimi ni mzee wa idara. Nina vijana tisa na nimechoka. Nimfukuze nani? — Kampala

Usimfukuze yeyote, mzee wetu, ila vijana tisa, kila mmoja na kikao chake kila mwezi, hawabebeki. Baki na wanne wa karibu, wengine wakutane nawe kwa kundi mara moja kwa mwezi, na kila mwanafunzi wa uzamivu amshike mkono mmoja wa uzamili. Ukiombwa kuhakiki mswada wa jarida, mwombe mhariri ruhusa ya kufanya hivyo na kijana mmoja, jina lake likatajwa. Na acha kuwaandikia rasimu upya, maana hapo ndipo saa zako zinapoishia. Sahihisha kurasa mbili za mwanzo kwa kalamu nyekundu, kisha andika chini yake: "Zilizobaki zirekebishe hivi, unirudishie Ijumaa."