Swali la lugha: Gaidi, muasi, au anayetaka kujitenga?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandaa taarifa za habari katika redio moja hapa Tanga mjini. Tulipata habari ya Kameruni: wapiganaji wanaodai nchi yao ya Ambazonia wameshambulia kambi ya jeshi. Mwenzangu aliandika "magaidi", mimi nikaandika "waasi", mhariri akafuta yote mawili akaweka "watenganishi". Nani kapatia? Na je, mtu akishika bunduki kudai nchi yake, Kiswahili kinamwita gaidi?

JIBU: Marahaba. Mhariri ndiye aliyepotea zaidi, basi tuanze naye. Mtenganishi huwatenganisha wengine, kama mwamuzi anayeingia kati ya mabondia waliokumbatiana. Anayetaka eneo lake litoke katika nchi hamtenganishi mtu, anajitenga. Hatuna nomino moja fupi iliyokubalika kwa maana hiyo, wala hakuna haja ya kuibuni usiku wa deni. Andika "wapiganaji wanaotaka kujitenga", kisha ukiwataja tena sema "wapiganaji hao". Kundi zima liite "vuguvugu la kujitenga", na neno "lenye silaha" uliongeze pale tu silaha zipo. Kwa mfano, wenzetu wa kundi la MRC la Mombasa, waliotaka pwani ijitenge na kusema "Pwani si Kenya", walipigwa marufuku 2010, Mahakama Kuu ikaiondoa marufuku hiyo 2012. Ukiwaita "wapiganaji", umewapa bunduki kwa kalamu yako.

Sasa "waasi". Wengi hulidhani neno baridi, lisiloegemea upande. Si kweli. Kuasi ni kuvunja utii unaodaiwa kwako: mtoto huwaasi wazazi, mja humuasi Mola. Kwa hiyo ukisema "muasi" umekwisha kukubali kwamba yupo mwenye haki ya kutiiwa. Tazama Pangani. Aprili 1888 Sultani wa Zanzibar aliikodisha pwani kwa kampuni ya Wajerumani kwa miaka 50. Agosti kampuni ilipokuja kushika mji, watu wakakataa. Abushiri bin Salim, aliyeongoza upinzani huo, alinyongwa hukohuko Pangani tarehe 15 Desemba 1889, na Wajerumani wakayaita yote hayo uasi wa Waarabu. Alimuasi nani, ilhali utawala wenyewe ulikuwa ndiyo kwanza unaweka mizigo chini? Mshairi wa pwani hii, Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, aliyatungia mambo hayo utenzi na akauita wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitawala pwani. Vita, siyo uasi. Na anayetamalaki ni Mdachi.

Hata hivyo sikukatazi neno hilo. Linafaa pale ambapo sehemu ya jeshi au raia wamechukua silaha dhidi ya serikali inayotambulika, nawe unaeleza uhusiano wao na serikali hiyo. Ila ujue lina uzito.

"Gaidi" ndilo lenye mtego mkubwa, kwa sababu halikai kwenye mstari mmoja na kujitenga. Kujitenga ni lengo, ugaidi ni njia. Mtu anaweza kuwa na lengo hilo bila njia hiyo, njia hiyo bila lengo hilo, au vyote viwili. Ndiyo maana swali lako la mwisho halijibiki kwa ndiyo wala hapana mpaka tujue amefanya nini. Bomu lililotegwa sokoni ili kuwatia watu hofu na kuibana serikali ni shambulio la kigaidi, hata aliyelitega awe na dai la haki kiasi gani. Shambulio la kambi ya jeshi katikati ya vita ni jambo jingine. Sheria ya nchi yaweza kuliita uhaini au hata ugaidi, lakini sheria za vita hulipima kwa kipimo tofauti. Tena Itifaki za Nyongeza za 1977 katika Mikataba ya Geneva zinakataza vitendo ambavyo shabaha yake kuu ni kueneza hofu kuu miongoni mwa raia, na katazo hilo linamhusu mwenye sare ya serikali vilevile.

Tatizo ni kwamba Umoja wa Mataifa mpaka leo haujakubaliana tafsiri moja kamili ya ugaidi, na hapo ndipo serikali hutofautiana. Mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliopitishwa Algiers mwaka 1999, katika kifungu cha 3, hauhesabu kuwa ugaidi mapambano ya watu kwa ajili ya ukombozi au kujiamulia mambo yao kwa kufuata misingi ya sheria za kimataifa, yakiwemo ya silaha dhidi ya ukoloni na uvamizi. Kifungu hicho kina historia. Ureno iliihesabu Msumbiji mkoa wake wa ng'ambo, na wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, ikawaita magaidi. Sisi tuliwaita wapigania uhuru, na shule yao ya sekondari ilikuwa Bagamoyo. Lakini kifungu hichohicho hakimpi kila anayetaka kujitenga hati ya usafi, maana viongozi wa Afrika walikwishakubaliana Cairo mwaka 1964 kuiheshimu mipaka waliyoirithi wakati wa uhuru.

Orodha nazo hubadilika. Ethiopia iliiweka ONLF, chama cha kupigania Ogaden, katika orodha ya makundi ya kigaidi mwaka 2011, ikaitoa 2018. Aliyeandika "magaidi wa ONLF" bila kutaja nani kasema alijikuta na neno lililoisha muda. Kwa hiyo tumia kitenzi kinachoonyesha msemaji: "kundi ambalo serikali imeliorodhesha kuwa la kigaidi", "ambao serikali inawaita magaidi". Epuka "wanaojiita wapigania uhuru" ikiwa hutaandika pia "wanaoitwa na serikali magaidi". Kejeli ya upande mmoja husikika redioni kuliko unavyodhani.

Usikimbilie "wanamgambo" pia. Kwa msikilizaji wa Tanga, mgambo ni anayefukuza wamachinga, au timu ya soka ya Handeni iliyokuwa ikicheza uwanja wa Mkwakwani.

Sarufi kidogo: gaidi amekamatwa, magaidi wamekamatwa, siyo "gaidi limekamatwa", labda unamtukana makusudi. Ugaidi hauna wingi. Sema "vitendo vya ugaidi". Na mtu hutuhumiwa kwa ugaidi. Hajawa gaidi kwa kukamatwa tu.

Habari yenu ningeiandika hivi: "Wapiganaji wanaotaka kujitenga na Kameruni wameshambulia kambi ya jeshi. Serikali, ambayo huwaita magaidi, imesema..." Kisha jina la kijiji, idadi ya waliouawa, na nani aliyeitoa idadi hiyo.