Kaa kwanza kwenye kiti

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara tatu. Unauliza kama uache uhasibu uende chuo cha Biblia, maana miaka inakwenda nawe unajiona unamtumikia Mungu Jumapili tu. Halafu mwishoni kabisa, kwa mstari mmoja, unasema yule mwenzako mnayekaa naye ofisini amelazwa, hii ni wiki ya tatu, na hujapata nafasi ya kwenda kumwona. Nitakujibu la chuo. Lakini niache nianze na huyo mgonjwa.

Unalijua neno langu: huduma huanzia kwenye kiti. Anayesimama miguuni pa kitanda humlazimisha mgonjwa kuinua shingo, na mgonjwa huona kwamba huyu yuko njiani kuondoka. Vuta kiti, kaa ubavuni, macho yenu yalingane. Usikae kitandani, godoro likibonyea, kidonda huuma.

Ile jioni ya siku ya pili baada ya baba yako kupasuliwa, wewe ulikuwa kwenye mitihani. Walikuja watu 11 wa kanisani kwetu, wote wana nia njema. Wakazunguka kitanda, wakaimba, wakaomba kwa zamu, dakika 40. Baba yako alibanwa na haja ndogo tangu wimbo wa kwanza. Nilikiona kiganja chake kikikunja shuka na kuiachia, kikikunja na kuiachia. Nikanyamaza, nisije nikakatiza maombi. Wao nilishawasamehe siku nyingi. Kunyamaza kwangu ndiko kunakoniuma hadi leo.

Walipotoka, akabaki yule kijana aliyekuwa akifagia kanisa. Akainama akamwuliza, "Baba, nikusaidie nini sasa hivi?" Akaleta chupa, akavuta pazia, akasubiri nje. Yesu alimwuliza Bartimayo vivyo hivyo, Marko 10:51, "Wataka nikufanyie nini?", na upofu wa mtu yule kila mmoja aliuona. Hata hivyo aliuliza.

Basi ukienda kwa mwenzako, piga simu kwanza. Wengine hawataki kuonekana walivyo, nao wana haki hiyo. Fika saa za kuona wagonjwa, mwulize muuguzi kama ni wakati mzuri, nawa mikono kabla ya kuingia na baada ya kutoka. Ukiwa na mafua, ahirisha. Nendeni wawili, wasizidi. Dakika 15 zinatosha. Ukiona anafumba macho au anajibu kwa neno moja moja, zimekwisha hata kama ni tano. Usimsimulie mtu mwingine aliyeugua kama yeye, hasa kama alikufa. Usimwambie Mungu ana sababu zake. Rafiki za Ayubu walikaa naye chini siku 7, mchana na usiku, bila kusema neno, na hapo walikuwa wahudumu kweli kweli. Walipofungua vinywa wakaharibu, hata akawaita "wafariji wenye kutaabisha".

Kabla ya kuomba, mwulize kama anapenda uombe, na uombe nini. Akisema anaogopa matokeo ya vipimo, omba juu ya hofu hiyo, usirukie uponyaji ambao hujaagizwa kuutangaza. Dakika mbili, sauti ya kawaida, maana kitanda cha pili kina mtu. Zaburi ya 121 ina mistari 8 tu, haimchoshi mtu. Yakobo 5:14 inataja wazee wa kanisa na mafuta. Akiyataka, wewe waite wazee. Na usithubutu kumwambia aache dawa ili aonyeshe imani. Nimeona hilo likifanywa kwa jina la Bwana, na sina neno laini la kulisemea.

Ukitoka, usiandike ugonjwa wake kwenye kundi la maombi bila yeye kukubali. Andika kwenye daftari lako tarehe ya vipimo, majina ya watoto, na jambo ulilomwahidi. Hilo la mwisho ndilo watu husahau. "Ukihitaji chochote niambie" haisaidii, kwa sababu mgonjwa hana nguvu za kubuni kazi ya kukupa. Sema, "Alhamisi nitakaa hapa kwa muda wa saa mbili, mkeo akalale." Anayeuguza huchoka kuliko anavyokiri, na karibu kila mgeni hupita mbele yake akienda kitandani. Halafu rudi. Wiki ya kwanza wodi hujaa. Wiki ya nne kiti huwa kitupu.

Sasa, chuo. Matendo sura ya 6 utaikuta tamu kuliko unavyodhani. Wajane walikuwa wakisahauliwa katika huduma ya kila siku, yaani ugawaji wa chakula mezani, na neno la Kigiriki pale, mstari wa 1, ni diakonia. Mstari wa 4, mitume wanaposema wataendelea kulihudumia Neno, ni diakonia hiyo hiyo. Meza na mimbari zimepewa jina moja. Naye Paulo, Matendo 18:3, alishona mahema pamoja na Akila na Prisila, mikono ikiwa na kazi na kinywa kikiwa na Injili.

Lakini hapo hapo najibishana mwenyewe, maana mitume wale wale walisema haipendezi waliache Neno wahudumu mezani. Kumbe wapo wanaopaswa kuachiliwa. Tena Filipo, aliyechaguliwa kwa ajili ya meza, sura ya 8 unamkuta Samaria anahubiri, kisha garini anamfafanulia Mkushi Isaya. Kwa hiyo siwezi kukuambia meza ndiyo mwisho wa safari yako. Wala siwezi kukuambia chuo kitakupa kitu ambacho hutaki kukitafuta wodini.

Ulimi unaniwasha nikuambie la kufanya. Nimeandika sentensi hiyo mara mbili, nikaikata mara mbili, kwa sababu ukienda kwa neno langu utarudi kwa neno langu siku mambo yatakapokuwa magumu. Zungumza na mchungaji wako, zungumza na mkeo kabla ya mchungaji, na hesabu ya ada na ya mahitaji ya watoto uifanye kwenye karatasi. Wewe ni mhasibu.

Ila yule mwenzako mpigie leo. Ukishamwona niandikie, uniambie aliomba nini ulipomwuliza.

Mama yako