Kabla hujafungua tawi la pili la duka la chakula cha mbwa na paka

Duka langu la kwanza liko Mbezi Beach, Dar es Salaam. Ukizunguka mitaa ya ndani utaelewa kwa nini niliamua kukaa pale: geti baada ya geti lina kibao cha "Mbwa Mkali", na mbwa mkali lazima ale. Kwa miaka minne niliuza mifuko ya kilo 15, minyororo, kola, vyombo vya kulia na shampuu za kupe, na biashara ikanilipa vizuri kiasi cha kunidanganya. Nikachukua fremu ya tawi la pili Upanga. Kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo. Nikabeba orodha ileile ya mzigo wa Mbezi nikaipanga Upanga rafu kwa rafu, hata rangi ya ukuta nikafananisha.

Miezi mitatu mifuko ilikaa pale kama saruji kwenye nyumba ya mtu aliyeishiwa fedha.

Upanga ni maghorofa. Anayeishi ghorofa ya nne hana sababu ya kufuga mbwa wa geti, maana geti lenyewe ni la wapangaji wote. Ana paka. Tena familia nyingi pale ni za Kiislamu, na kwao paka anaingia hadi sebuleni na kulala kwenye kochi, mbwa, hapana. Paka wa ghorofani hana udongo wa kuchimba, kwa hiyo kitu cha kwanza kuulizwa ni mchanga wa paka. Nilikuwa nimeweka mifuko sita. Iliisha wiki ya kwanza, nikasema ni bahati tu, sikuagiza mingine. Kuna bibi mmoja alisimama mlangoni akaangalia minyororo yangu ilivyoning'inia, akaniambia, "Mwanangu, nani kakutuma uje utuuzie mbwa hapa?" Nilicheka. Ningemsikiliza siku ile ningeokoa mtaji mwingi.

Sasa anayeniuliza kuhusu tawi namwambia asianze na fremu, aanze na miguu. Tembea mitaa ile Jumamosi mbili. Hesabu vibao vya mbwa, angalia nyumba zina uzio au ni za ghorofa, kisha kamtafute daktari wa mifugo wa eneo hilo umuulize wiki iliyopita alitibu nini. Yeye anajua nani anafuga nini kuliko dalali yeyote.

Jambo la pili ndilo ninalolipenda zaidi, na lilinijia nikiwa nimekata tamaa. Watu wanadhani faida yetu iko kwenye kola za kung'aa na vitanda vya manyoya. Kila kimoja ukikiangalia kina faida nzuri, kweli, lakini kola inanunuliwa mara moja. Kinachomrudisha mtu dukani ni chakula, na chakula kina tarehe ya kuisha ambayo unaweza kuipiga hesabu. Mbwa wa kilo 30 anakula takriban gramu 350 hadi 400 za chakula kikavu kwa siku, kutegemea aina. Imeandikwa mgongoni mwa mfuko. Kwa hiyo mfuko wa kilo 15 unamalizika kama siku ya 40. Nikanunua daftari kubwa, nikachora safu: jina, mbwa wangapi, uzito, siku aliyonunua. Siku ya 35 natuma ujumbe WhatsApp: "Shikamoo mama, chakula cha Simba kinakaribia kuisha, nikuletee?" (Nusu ya mbwa wa Dar wanaitwa Simba. Andika na jina la mtaa.)

Kuna mtego hapo. Wateja wengi wanachanganya na ugali na dagaa, na mfuko kwao unakwenda miezi miwili. Uliza mapema, wala usimhubirie mtu jinsi ya kulisha mbwa wake. Mimi niliwahi kumtumia mzee mmoja ujumbe siku ya 35, akanijibu kwamba mfuko wake ndiyo kwanza kaufungua.

Hili sikulibuni mimi. Chewy, kampuni ya Marekani iliyoanza mwaka 2011, inapata zaidi ya asilimia 70 ya mauzo yake kwa wateja wanaopanga oda mara moja tu, kisha chakula kikawafuata kila baada ya wiki walizochagua. PetSmart, wenye maduka mengi ya vifaa vya wanyama kule, waliwanunua mwaka 2017 kwa dola bilioni 3.35. Mimi nina daftari na kalamu, ila kinachofanyika ni kilekile. Na daftari hilo limenitatulia tatizo ambalo sikujua kama ni lake: sasa najua mwezi ujao nitahitaji mifuko mingapi, siagizi kwa kubahatisha, mtaji haulali stoo. Chakula kikavu kina mafuta, na kwa joto la Dar mfuko uliofunguliwa unachacha upesi. Kama unauza kwa kupima, tumia pipa lenye mfuniko unaobana, andika tarehe uliyofungua, na usimwage mzigo mpya juu ya mabaki ya zamani. Panya utawajua mwenyewe.

Usafiri nitaupita haraka kwa sababu bado unaniuma. Nilitangaza kupeleka bure popote, nikawa napakia mfuko mmoja kwenye bodaboda kutoka Mbezi hadi Kigamboni. Faida yote ya mfuko ilikuwa inakwenda kwa dereva, na mara nyingine naongeza ya mfukoni. Baadaye nikasoma habari za Pets.com ya Marekani, duka la mtandaoni la chakula na vifaa vya wanyama: waliuza hisa Februari 2000 wakapata dola milioni 82.5, na Novemba ya mwaka huohuo wakafunga. Walikuwa wanauza vitu vizito chini ya bei ya kununulia na kubeba gharama za kuvisafirisha. Nilijiona kabisa, tofauti ni kwamba mimi nililia peke yangu. Sasa napeleka Jumanne na Ijumaa tu, bajaji moja, oda zote za upande mmoja.

Kilichonitisha hasa hakikuwa hasara ya fedha. Mbezi nilikuwa nakaa kaunta mwenyewe, na mambo yote yalikuwa kichwani. Upanga nikamwacha kijana mwaminifu na mchangamfu, ila sikuwa nimemwachia kichwa changu. Siku moja akaja dada ana paka mwenye viroboto. Kijana akamuuzia dawa ya matone ya mbwa, akamwambia aweke kidogo kwa kuwa paka ni mdogo. Dawa nyingi za aina hiyo zina permethrin, kemikali ya kuua wadudu. Mbwa anaivumilia, lakini ini la paka haliwezi kuivunja. Usiku paka akaanza kutetemeka mwili mzima. Aliwahishwa kwa daktari akapona, na gharama nililipa mimi.

Kosa lilikuwa langu. Nilikuwa najua tangu zamani, ila sikuwahi kumwambia mtu. Wiki ile nikahamisha dawa zote za mbwa upande mwingine wa duka, nikazibandika karatasi nyekundu, nikaandika kanuni moja ukutani: muuzaji hatoi dozi, anatoa namba ya daktari. Mauzo ya dawa yalishuka kidogo. Madaktari wakaanza kutuletea wateja wa chakula. Uingereza maduka ya Pets at Home yamefika mbali zaidi, kliniki iko humohumo dukani na daktari ana umiliki wake. Mimi kwa sasa namba ya simu inanitosha.

Na usiuze vitoto vya mbwa. Niliwahi kuvipokea vitatu kwa kamisheni, kimoja kikaja na parvo, ugonjwa wa virusi unaoua watoto wa mbwa. Virusi vile vinakaa sakafuni miezi mingi. Tulipiga deki kwa jiki mpaka vidole vikachubuka, na wateja wenye watoto wa mbwa nikawa nawazuia mlangoni mwenyewe. PetSmart tangu zamani hawauzi mbwa wala paka, wanawapa nafasi dukani wanaohifadhi wanyama waliotelekezwa. Kabla ya parvo nilidhani ni huruma tu.

Mengine ni madogo madogo. Kila tawi liwe na lipa namba yake, fedha zisichanganyike. Bandika bei kwenye kila kitu, hata kamba. Usisubiri kuhesabu mzigo wote mwisho wa mwaka. Kila Jumatatu chagua vitu kumi uvihesabu, na wiki inayofuata chagua vingine. Kijana asijue mapema ni vitu gani.

Upanga sasa inajilipa. Rafu ya minyororo niliitoa, mahali pake pana mchanga kutoka chini hadi juu, na yule bibi hununua mifuko miwili kila mwezi. Watu wananiuliza tawi la tatu lini. Kuna fremu Kigamboni nimeonyeshwa, mwenye nyumba anataka jibu wiki hii. Nimemwambia asubiri. Jumamosi iliyopita nilihesabu vibao ishirini na saba vya "Mbwa Mkali", na bado kuna upande wa baharini sijaufikia.