Gari la kulala, tutagandia humo?

SWALI: Mambo dada, kaka yangu wa Chicago katualika Desemba, anataka tukodi ile gari yenye vitanda, jiko na choo ndani tushuke na watoto mpaka baharini Gulf Shores, Alabama. Sisi baridi tunaijua ya Lushoto tu, si tutagandia humo? – Mama Wawili, Tabata

JIBU: Hamgandi nyie, kinachoganda ni mabomba. Chicago Desemba inashuka chini ya sifuri kirahisi, maji yakiganda yanatanuka yanapasua paipu, na bili hapo ni yenu mliokodi. Kaka aondoke tenki la maji tupu, paipu zitiwe ile antifrizi (dawa ya kuzuia kuganda) ya pinki ya magari haya (sio ya rejeta, ile sumu), maji ya kunywa bebeni kwenye madumu, tenki mtajaza mkishafika kusini kwenye joto. Njia ni barabara kuu ya I-65, safari nzima kama kilomita 1,500, na watoto hiyo msiimalize siku moja jamani. Madarajani polepole, barafu inaanzia huko. Halafu usiku msiwashe jiko la gesi eti mnaota moto, ile kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye moto, haina harufu na inaua. Kuogelea sasa, mh, bahari ya Desemba kule sio Coco Beach, mtalowesha miguu mkimbie.