Tangi kubwa halitaipa shawa nguvu

SWALI: Tangi langu la lita 1,000 liko juu ya mnara wa mita 3, lakini shawa inachuruzika tu. Fundi anasema ninunue la lita 5,000 ili uzito wa maji usukume zaidi. Ni kweli?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Si kweli, na ni hatari. Lita 5,000 ni tani 5 za maji. Mnara uliojengewa tani 1 unaweza kuanguka.

Presha ya maji, au kanieneo kama wasemavyo darasani, hufuata kimo, si wingi. Tangi pana lina maji mengi, lakini pia lina kitako kipana, hivyo kila sentimita ya mraba hubeba maji yaliyo wima juu yake tu. Kila mita 10 za kimo hutoa takribani bar 1 (bar ni kipimo cha presha). Pima basi kutoka usawa wa maji tangini hadi kwenye shawa. Ikiwa shawa iko mita 2 kutoka ardhini na tangi lina kina cha mita 1.2, tofauti ni mita 2.2: bar 0.22. Tangi likikaribia kuisha, inabaki bar 0.1. Hapo hata kizuizi kidogo huonekana.

Kwa hiyo anza na vizuizi. Fungua kichwa cha shawa, kisha uache maji yatoke bila hicho kichwa. Yakitoka vizuri, mwenye kosa umempata: kiloweke kwenye siki usiku kucha kiachie chokaa. Yasipotoka, hakikisha koki zote zimefunguka mpaka mwisho, halafu kagua bomba. Mafundi wengi hushusha nusu inchi tangu tangini, na hapo ndipo wanapoharibu. Shusha inchi moja, ingiza robo tatu hadi bafuni, nusu inchi ibaki kipande cha mwisho. Punguza elbo, yaani viungo vya kona. Bomba likipanda kisha likashuka, hewa hunasa kwenye mgongo wake, na presha ndogo kama yako haiwezi kuisukuma itoke.

Ukishindwa, inua mnara: kila mita inaongeza bar 0.1, karibu nusu ya uliyo nayo sasa.

SWALI: Jikoni wakifungua bomba, shawa inakata. Kwa nini?

JIBU: Jikoni na bafuni mnatumia bomba moja linaloshuka kutoka tangini. Maji yakipita mengi zaidi, msuguano ndani yake huongezeka na presha inayofika bafuni hushuka. Itolee shawa njia yake kutoka tangini.