Siku hizi hawapindui, wanarekebisha

Wiki mbili zilizopita niliandika aya tatu tu, kwamba mapinduzi ya siku hizi hayatangazwi redioni alfajiri. Yanachapishwa kwenye Gazeti la Serikali. Tangu hapo simu yangu haijapumzika. Wapo walionipongeza, wapo walioona nimekosa kazi ya kufanya, na mmoja aliuliza kama pasipoti yangu haijaisha muda. Maswali yaliyojirudia ndiyo haya. Nimeyafupisha, na matusi nimeyaacha nyumbani.

Nchi ina katiba, ina bunge, ina mahakama, na watu wanapiga kura. Itageukaje kuwa ya kiimla bila mwanajeshi kuingia ikulu? (Msomaji, Morogoro)

Itazame Hungaria. Aprili 2010 chama cha Fidesz cha Viktor Orbán kilishinda uchaguzi kihalali kabisa, kwa takriban asilimia 53 ya kura. Mfumo wao wa kugawa viti ukazigeuza kura hizo kuwa zaidi ya theluthi mbili ya bunge, na kule theluthi mbili inatosha kuandika katiba upya. Wakaiandika. Ilipitishwa Aprili 2011, ikaanza kutumika Januari mosi 2012.

Sasa angalia ufundi wenyewe. Umri wa majaji kustaafu ulishushwa ghafla kutoka miaka 70 hadi 62. Hakuna jaji aliyefukuzwa. Walizeeka tu kwa mujibu wa sheria, mamia kwa mkupuo. Mahakama ya Umoja wa Ulaya ilisema mwaka huohuo wa 2012 kwamba jambo hilo halikubaliki, lakini viti vingi vilikuwa vimeshakaliwa na wengine. Bunge likapunguzwa kutoka wabunge 386 hadi 199, na mipaka mipya ya majimbo wakaichora haohao waliokuwa na wingi wa kura bungeni. Matokeo yake, mwaka 2014 Fidesz ilipata chini ya asilimia 45 ya kura za orodha za vyama na bado ikaondoka na viti 133, yaani theluthi mbili ileile. Novemba 2018 ikawa zamu ya vyombo vya habari. Matajiri walio karibu na serikali walivitoa bure magazeti, redio na tovuti zaidi ya 400 kwa taasisi moja. Serikali ikatangaza kwamba muungano huo una umuhimu wa kitaifa, hivyo mamlaka inayosimamia ushindani wa kibiashara isiuguse.

Hakuna kifaru kilichoonekana barabarani. Kila hatua ina namba ya sheria, tarehe na sahihi. Ukilalamika unaambiwa mahakama ziko wazi, na kweli ziko wazi. Ukiingia unakutana na aliyeteuliwa juzi.

Kwa hiyo wananchi wanakuwa wamelala? (Msomaji, Kahama)

Hawalali. Wanachoka, na kila hatua inakuja peke yake, tena imevaa vizuri.

Ngoja nijitoe mfano mwenyewe. Miaka kadhaa nyuma chama chetu cha akiba na mikopo kilikuwa na mkutano mkuu. Agenda ya saba, "marekebisho madogo ya masharti", ilifika saa tisa alasiri, soda zimekwisha na bahasha za nauli zimepangwa mezani kwa mhasibu. Marekebisho madogo yalikuwa mawili: kifungu kinachomtaka mwenyekiti kukaa vipindi viwili tu kinaondolewa, na akidi ya mkutano inashuka kutoka nusu ya wanachama hadi robo. Mimi, ninayekula kwa kusoma katiba za watu, niliinua mkono kuunga mkono. Nilikuwa nawahi daladala. Mwenyekiti yule alikaa miaka mingine tisa na hakuwahi kumgombeza mtu.

Maandamano yanasaidia chochote, au ni kupigwa mabomu ya machozi bure? (Msomaji, Mbeya, na wengine wengi)

Yanasaidia zaidi waandamanaji wakiwa na karatasi mkononi. Wewe wa Mbeya mfano uko mlangoni pako, ng'ambo ya mto Songwe.

Wamalawi walipiga kura tarehe 21 Mei 2019. Tume ikamtangaza Rais Peter Mutharika kwa asilimia 38.57, Lazarus Chakwera akiwa nyuma yake kwa kura kama 159,000. Kisha fomu za matokeo zikaanza kuonekana, tarakimu zimepakwa ule wino mweupe wa kufutia, Tipp-Ex, na juu yake zimeandikwa nyingine.

Aliyewahi kukesha kituoni anajua uzito wake. Sanduku likishafungwa tena, fomu ndiyo kura. Karani ana njaa, taa ni ya betri, jumla haikubali. Akikosea anakata kwa mstari mmoja, anaandika tarakimu sahihi pembeni, anatia sahihi na mawakala wanatia zao, ili kosa na sahihisho lake vyote vionekane. Kupaka rangi nyeupe ni kutaka kilichokuwapo kisionekane. Watu wakauita uchaguzi wa Tipp-Ex na jina likaganda.

Kwa miezi mingi watu walikuwa barabarani Lilongwe, Blantyre na Mzuzu, wakiitwa na muungano wa watetezi wa haki za binadamu, wakimtaka mwenyekiti wa Tume, Jane Ansah, ang'oke. Mara kadhaa wanajeshi walisimama kati yao na polisi. Haikuwa harusi. Oktoba 2019 askari polisi mmoja aliuawa kwa mawe eneo la Msundwe, na polisi waliokwenda kulipiza waliwabaka wanawake na wasichana. Mahakama Kuu baadaye iliamuru walipwe fidia. Anayekwambia Malawi ilijikomboa kwa nyimbo tu hajauliza Msundwe.

Barabara ziliifanya kesi ya kupinga matokeo isizikike kimyakimya. Lakini kilichoamua kilikuwa kinafanyika ndani, kwa uchovu, wiki baada ya wiki: mawakili wa Chakwera na wa Saulos Chilima, mgombea aliyeshika nafasi ya tatu, wakipitia fomu hizo na mashahidi mbele ya majaji watano. Kulikuwa na jaribio la kuwahonga. Majaji wenyewe wakalifikisha kwa Jaji Mkuu, naye akaiandikia taasisi ya kupambana na rushwa. Tarehe 3 Februari 2020 waliletwa mahakamani na gari la deraya la jeshi, wamevaa fulana za kuzuia risasi. Hukumu ilisomwa mchana kutwa, nchi nzima imetega sikio redioni, na mwisho wake uchaguzi ukafutwa. Kenya ilikuwa imetangulia kuufuta wa kwake tarehe 1 Septemba 2017, ila marudio ya Kenya tunajua yalivyokwenda, mpinzani mkuu akiwa nje.

Juni, siku chache kabla ya marudio, serikali ikatangaza kwamba Jaji Mkuu Andrew Nyirenda aende likizo ya kusubiri kustaafu. Unaikumbuka Hungaria? Fundi mmoja, nyundo moja. Safari hii majaji na mawakili waliingia barabarani wao wenyewe, na mahakama ikalizuia tangazo lile. Marudio yakafanyika tarehe 23 Juni 2020 na Chakwera akashinda kwa asilimia 58.57.

Na mkuu wa nchi akiamua kutumia jeshi waziwazi? Hapo fomu itasaidia nini? (Msomaji, Mombasa)

Hapo fomu iweke mfukoni, kimbia bungeni.

Sifanyi utani. Tarehe 3 Desemba 2024, saa nne na nusu usiku, Rais Yoon Suk-yeol wa Korea Kusini alitokea kwenye televisheni akatangaza utawala wa kijeshi. Wabunge wakaondoka majumbani. Polisi walikuwa wamefunga mageti, basi wakaruka ukuta. Kiongozi wa upinzani Lee Jae-myung aliruka huku akijirekodi mubashara. Watumishi wa bunge walirundika viti na meza milangoni, wakawapulizia wanajeshi vizima moto. Nje, raia walisimama mbele ya magari ya jeshi. Ilipofika saa saba usiku wabunge 190 kati ya 300 walikuwa ukumbini na wote 190 wakapiga kura ya kuliondoa tangazo. Saa kumi na nusu alfajiri lilikuwa limeondolewa.

Kwa nini lilikufa haraka hivyo? Katiba yao inalipa bunge uwezo huo kwa maneno yasiyo na tafsiri mbili, hilo moja. La pili, wanajeshi wenyewe walisitasita. Na la tatu, kila mtu mzima pale ana Gwangju kichwani, mji ambao jeshi liliua raia Mei 1980. Hawakuhitaji kuelezwa utawala wa kijeshi ni nini.

Kilichonigusa mimi lakini ni cha wiki zilizofuata, umati ukiwa nje kwenye baridi kali kudai rais aondolewe. Waliokuwa kazini, wagonjwa, walio nje ya nchi, walipiga simu kwenye maduka ya kahawa karibu na bunge wakalipia vikombe makumi kwa mamia, kwa ajili ya watu wasiowajua. Unaingia, unasema umetoka kwenye maandamano, unapewa kahawa ya moto iliyolipiwa na mgeni. Yoon aliondolewa rasmi na Mahakama ya Katiba tarehe 4 Aprili 2025, majaji wote wanane wakikubaliana.

Uchaguzi ukiwa umechezewa, si bora kuususia? (Msomaji, Zanzibar)

Swali gumu kuliko yote, na najua kwenu lina historia. Nitajibu kwa Venezuela. Desemba 2005 vyama vya upinzani vilijitoa kwenye uchaguzi wa bunge siku chache kabla ya kura, vikiamini dunia itaona aibu. Waliojitokeza kupiga kura walikuwa kama robo ya waliojiandikisha. Aibu haikuonekana, viti ndivyo vilivyoonekana: vyote 167 vikaenda kwa upande wa Rais Hugo Chávez, na kwa miaka kadhaa serikali ikateua na kupitisha ilichotaka bila sauti ya kupinga ndani ya ukumbi. Upinzani uliporudi na kushinda bunge kwa kishindo mwaka 2015, majaji waliokaa Mahakama ya Juu hawakuwa wageni kwa watawala, na Machi 2017 mahakama hiyo ikajaribu kujitwalia hata mamlaka ya bunge lenyewe.

Upande wa pili wa mizani niweke Zambia. Kiongozi wa upinzani Hakainde Hichilema aliwekwa ndani miezi minne mwaka 2017 kwa kesi ya uhaini iliyotokana na madai ya kutoupisha msafara wa Rais Edgar Lungu. Gazeti lililokuwa likiibana serikali, The Post, lilikuwa limefungwa mwaka mmoja kabla. Uwanja haukuwa sawa hata kidogo. Wakaingia hivyohivyo Agosti 2021, vijana wakapanga foleni mpaka usiku, waangalizi wa ndani wakawa na hesabu yao wenyewe ya sampuli ya vituo, na matokeo yakawa zaidi ya kura milioni 2.8 za Hichilema dhidi ya milioni 1.8 za Lungu. Pengo la namna hiyo halifutiki kwa wino mweupe.

Kwa hiyo mimi huegemea kushiriki. Lakini kama mgombea wako kaenguliwa kwa kukosa nukta kwenye fomu na wakala wako kafungiwa nje ya mlango, sitakuita mwoga ukibaki nyumbani siku ile.

Kiongozi akifanya kazi nzuri, kumwongezea muda kuna ubaya gani? (Msomaji, Dodoma)

Muulize Frederick Chiluba, rais wa zamani wa Zambia, angekuwepo. Mwaka 1991 alimshinda Kenneth Kaunda na kuwa shujaa wa vyama vingi. Mwaka 2001 akataka muhula wa tatu. Wanasheria, makanisa na vikundi vya wanawake wakaungana, wenye magari Lusaka wakawa wanapiga honi Ijumaa jioni kumkumbusha, na ndani ya chama chake makamu wa rais na mawaziri kadhaa wakakataa kumfuata. Mei ile akasema hatagombea. Wengi waliompinga ndio waliokuwa wamemchagua, na sababu yao haikuwa kwamba alianza vibaya.

Unaisifu sana Malawi. Mutharika si amerudi madarakani? Walihangaika kwa lipi? (Msomaji, Kyela)

Amerudi. Tarehe 16 Septemba 2025, akiwa na miaka 85, alipata karibu asilimia 57 na Chakwera akaambulia 33. Watu walikuwa wamechoshwa na bei, na mbolea, na foleni za petroli, na wakamhukumu aliyekuwa kwenye kiti. Sina hakika mimi ningepiga kura tofauti.

Ila tazama alivyorudi. Tume ilichukua siku zake nane za kisheria kuhakiki fomu, watu wakinung'unika kwamba inachelewa. Tarehe 24, kabla matokeo hayajatangazwa, Chakwera alitokea kwenye televisheni akakubali kwamba ameshindwa. Miaka sita kabla ya hapo Mutharika huyuhuyu alitangazwa kwa fomu zilizopakwa rangi. Safari hii hakuna aliyehitaji fulana ya kuzuia risasi kusema nani ameshinda. Foleni za petroli amezirithi zikiwa ndefu vilevile.